Kuboresha Mtambo wa Simu wa Ofisi: Maandalizi ya Kukamilisha Kabla ya Kwenda kwa Mteja

Fundi akifika Shimanzi au Nyali saa mbili asubuhi, akaufungua mtambo wa simu wa kampuni (PBX, kifaa kinachounganisha simu za ndani ya ofisi na laini za nje), kisha akagundua kwamba nenosiri halijulikani, leseni ni ya toleo la zamani na kebo ya kuunganishia kompyuta imebaki karakanani, basi kazi hiyo ilikuwa imeshaharibika tangu jana yake. Malalamiko ya mafundi wachanga hapa Mombasa yanafanana sana, na mengi yanatibika mezani, kabla gari halijawashwa.

Mwongozo huu unahusu kipindi hicho pekee: tangu mteja anapokubali bei hadi jioni ya kuamkia siku ya kazi. Umekusudiwa ofisi yenye simu za ndani baina ya kumi na mia moja hivi, iwe ni kampuni ya kutoa mizigo bandarini, zahanati, shule au hoteli ndogo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kompyuta ya mkononi yenye programu ya kusanidi mtambo wa zamani na ya kusanidi mtambo mpya. Programu hizi hubagua matoleo, kwa hiyo kuwa na programu ya kampuni ileile hakutoshi.
- Kebo ya mtandao, kebo ya USB, na kebo ya kugeuza USB kuwa RS-232 (tundu la zamani la kuunganishia kompyuta), kwa kuwa mitambo mingi ya zamani huzungumza na kompyuta kwa tundu hilo tu.
- Simu moja ya analogi iliyo nzima, ya kupimia laini, pamoja na simu maalumu ya mtambo husika, ile yenye skrini na vitufe vya kazi. Mitambo mingine haikubali kusanidiwa kwa mkono bila simu hiyo.
- Kipima nyaya, kifaa cha toni cha kutafutia waya, kisukumio cha bloku za Krone (vipande vya plastiki vinavyobana nyaya za simu), kibano, na vichwa vya kutosha vya RJ11 (vya simu) na RJ45 (vya mtandao).
- Flashi mbili, na si moja.
- Dawa ya kusafishia viungo vya umeme na brashi laini. Hewa ya chumvi hula shaba polepole, na bloku iliyokaa miaka karibu na bahari huwa na ukungu wa kijani hata kama simu bado zinalia.
- Jedwali tupu la laini na simu za ndani, lililochapishwa au lililo kwenye kompyuta.

Kabla ya kununua mtambo wowote mpya, hakikisha modeli hiyo imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuunganishwa na mitandao ya umma. Bei nafuu ya dukani haimsaidii mteja ikiwa kifaa hakiruhusiwi.

## Hatua ya 1: Amua ni kazi ya aina gani

Mteja anaposema anataka simu ziboreshwe, huenda anataka moja kati ya mambo matatu ambayo hayana gharama sawa wala hatari sawa. La kwanza ni kuweka toleo jipya la programu katika mtambo uliopo. La pili ni kuondoa mtambo wote na kuweka mwingine, huku laini za nje zikibaki zilezile. La tatu ni kuhamisha laini zenyewe, kutoka nyaya za shaba au E1 (laini moja ya kidijitali inayobeba mazungumzo mengi) hadi laini za SIP zinazopita kwenye intaneti. Kazi ya tatu humtegemea mtoa huduma, na ratiba ya mtoa huduma haiko mikononi mwako.

Usizungumze na meneja peke yake. Meneja anajua anacholipia, lakini anayejua jinsi simu zinavyofanya kazi ni mtu wa mapokezi. Mpigie, umuulize kwa utaratibu: «Dada, samahani kwa usumbufu. Naomba unieleze, simu ikiingia asubuhi hulia wapi kwanza, na kama hupo mezani huenda kwa nani?» Majibu yake yatakupa nusu ya usanidi wote. Mara nyingi utasikia pia jambo ambalo meneja hakulitaja, kwa mfano kwamba baada ya saa kumi na moja jioni simu zote huelekezwa kwa mlinzi wa lango.

Umefanikiwa hatua hii utakapokuwa na ukurasa mmoja, uliokubaliwa na mteja kwa maandishi, unaotaja kinachobadilika na kinachobaki kama kilivyo. Sehemu ya pili ndiyo inayozuia ugomvi wa malipo.

## Hatua ya 2: Orodhesha kila kitu kilichoungwa kwenye mtambo

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwombe mteja picha za mtambo ukiwa umefungwa na ukiwa umefunguliwa, za bloku za nyaya, za kabati la mtandao, na za karatasi yoyote iliyobandikwa karibu yake. Picha ichukuliwe kwa karibu kiasi cha kusomeka namba za kadi. Kutokana na picha hizo utajua kuna kadi ngapi za laini za nje, ngapi za simu za analogi, ngapi za simu maalumu, na nafasi zipi ziko wazi.

Kisha omba ankara za miezi mitatu ya karibuni za mtoa huduma, uzilinganishe na laini zilizoungwa. Si ajabu kukuta kampuni inalipia laini ambayo waya wake haujaungwa popote, au laini inayotumika ambayo hakuna anayekumbuka namba yake. Mteja ukimwokolea malipo ya laini iliyokufa, hatabishana nawe juu ya gharama ya kazi.

Baada ya hapo, uliza kwa majina kuhusu vifaa ambavyo watu hawavihesabu kuwa ni simu: faksi, simu ya dharura ndani ya lifti, kengele ya wezi inayopiga namba ya kampuni ya ulinzi, kengele ya mlango, simu ya lango, mashine ya zamani ya kadi za benki, kipaza sauti cha ghala. Vingi kati ya hivi hutumia tundu la analogi. Mtambo mpya wa IP, yaani unaopitisha simu kwenye mtandao wa kompyuta, usio na matundu ya kutosha ya aina hiyo utaviacha nje, na utagundua siku mtu atakapokwama kwenye lifti. Kwa faksi, ushauri wangu ni kuiacha kwenye laini yake ya analogi ikiwa laini hiyo itabaki. Faksi inayopitishwa kwenye mfinyazo wa sauti wa G.729 haitafanya kazi, na hata kwa T.38 (kanuni ya kupitisha faksi kwenye mtandao) mafanikio hutegemea vifaa vya pande zote mbili.

Uliza pia kuhusu jengo. Katika Mji wa Kale, nyumba nyingi zina kuta nene za mawe ya matumbawe, ambazo hupunguza nguvu za Wi-Fi na hazipendi kutobolewa. Isitoshe, eneo hilo liko chini ya uhifadhi. Kama mpango wako unahitaji tundu jipya ukutani, mteja apate ruhusa kwanza, au upange njia nyingine ya kebo.

Jedwali lako likikamilika, kila mstari utakuwa na namba ya simu ya ndani, jina la mtumiaji, aina ya kifaa, tundu lake kwenye mtambo, na jozi ya waya kwenye bloku. Ikiwa safu ya mwisho haijulikani, andika «kutafutwa kwa toni» na utenge muda wake. Usikisie.

## Hatua ya 3: Pata nenosiri na nakala ya akiba

Nenosiri la usanidi mara nyingi lilibaki kwa fundi wa kwanza aliyefunga mtambo. Mteja amtafute mapema. Ukisubiri siku yenyewe, njia pekee iliyobaki huenda ikawa kuufuta mtambo na kuanza upya, na hapo kila usanidi umepotea.

Kama kuna njia salama ya kuingia kwa mbali, au kama mteja ana mtu wa kompyuta anayeweza kukutumia nakala, ipate sasa, uifungue karakanani kwa programu ya kusanidi, usome yaliyomo. Faili ambayo haijafunguliwa usiihesabu kuwa ni akiba. Kama haiwezekani, basi kuchukua nakala kuwe kazi ya kwanza utakapofika, na programu sahihi pamoja na kebo yake viwe vimejaribiwa.

Onyo kubwa. Usimruhusu mtu yeyote azime mtambo wa zamani kabla ya nakala kupatikana, hata kwa nia ya kuufuta vumbi. Mitambo mingi ya zamani hutunza usanidi wake kwa betri ndogo iliyo kwenye bodi. Betri hiyo ikiwa imekufa, mtambo huonekana mzima kwa miaka kwa sababu haujawahi kuzimwa, na ukizimwa huamka ukiwa mtupu. Kwenye mitambo yenye diski ngumu, diski iliyozunguka bila kusimama kwa miaka huenda isianze tena ikishapoa. Vifaa vya kutoa umeme navyo huwa na tabia hiyohiyo.

Nakala za ujumbe wa sauti na mazungumzo yaliyorekodiwa ni data binafsi za watu, na ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zifungwe kwa nenosiri, zichukuliwe kwa idhini ya mteja, na zifutwe kwenye flashi zako kazi ikikubaliwa.

## Hatua ya 4: Kagua njia ya matoleo na leseni

Soma maelezo ya mtengenezaji yanayoambatana na toleo jipya, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mitambo mingine haikubali kuruka kutoka toleo la zamani sana hadi jipya moja kwa moja. Ni lazima ipite toleo la kati, na kila kituo kina faili lake. Pakua mafaili yote ukiwa na intaneti nzuri, kisha ulinganishe alama ya SHA-256 au MD5 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba faili ni zima) iliyotolewa na mtengenezaji na ile ya faili ulilopata. Faili lililokatika katikati ya kupakuliwa linaweza kuua bodi.

Leseni hufungwa kwenye namba ya mashine au anwani ya MAC (namba ya kipekee ya kifaa kwenye mtandao). Mteja akutumie picha ya kibandiko chenye namba hizo. Usikubali kusomewa kwa simu, kwa sababu herufi O na tarakimu 0 husikika vibaya. Hesabu leseni za simu za IP, za laini za SIP na za visanduku vya sauti kila moja peke yake. Ni kawaida kununua leseni za simu thelathini na kusahau kwamba laini za SIP zina leseni yake.

## Hatua ya 5: Andika mpango wa kupiga namba

Mtambo unaweza kuwaka vizuri, taa zote zikawa kijani, na bado ukawa na kasoro inayoonekana siku ya dharura. Kasoro hiyo hukaa kwenye mpango wa namba.

Fikiria ofisi inayobonyeza 9 kupata laini ya nje. Mtu akiona moto akapiga 999, mtambo utaichukua 9 ya kwanza kama ombi la laini, kisha utapeleka 99 tu nje. Vilevile ofisi yenye simu za ndani za 101 hadi 130 huenda imempa mtunza stoo namba 112, na anayeomba msaada atampata mtunza stoo. Kwa hiyo sheria ya kwanza katika mpango wako iwe kwamba 999 na 112 hutoka moja kwa moja, kwa 9 na bila 9, kutoka simu yoyote, hata iliyofungiwa. Simu ya ndani yenye namba 112 ibadilishwe, na mteja ajulishwe mapema ili ipate kuandikwa upya kwenye orodha ya ofisi.

Pili, angalia namba za simu za mkononi. Mipango mingi iliyosanidiwa zamani huruhusu 07 pekee, na namba zinazoanza na 01 hukataliwa au huhesabiwa vibaya. Ukiihamisha mipango hiyo bila kuisoma, umehamisha ugonjwa. Jaribio lako liwe na angalau namba moja ya 07, moja ya 01, moja ya 041 na moja ya Nairobi ya 020.

Tatu, simu za kimataifa, ambazo kwa Kenya huanza na 000. Zifunge kwa wote, kisha uzifungue kwa waliotajwa na mteja kwa maandishi. Wezi wa simu hutafuta mitambo yenye nenosiri la kiwandani na hupiga nje ya nchi usiku au mwisho wa juma, na ankara humfikia mteja. Kampuni za kutoa mizigo zina haja ya kweli ya kupiga nje, kwa hiyo orodha isikosewe.

Mpango ukiwa tayari, mpe mtu mwingine karakanani ausome akijaribu kuuvunja. Akishindwa, umeiva.

## Hatua ya 6: Pima mtandao na umeme, ikiwa kuna simu za IP

Kebo za chini ya bahari hutua hapahapa Mombasa, lakini hilo halisemi lolote kuhusu waya ulio kati ya nguzo na ofisi ya mteja. Fanya hesabu. Mazungumzo moja ya G.711 (njia ya kawaida ya kupitisha sauti kwenye mtandao bila kuifinya sana) hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho kurudi. Mazungumzo kumi na mawili kwa pamoja yanahitaji zaidi kidogo ya megabiti moja kila upande, na upande wa kutuma ndio unaobana. Mwombe mteja apime intaneti saa nne asubuhi siku ya kazi, ofisi ikiwa imejaa, kwani kipimo cha usiku kitakudanganya. Ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, kama pendekezo la G.114 la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linavyosema, na upotevu wa pakiti uwe chini ya asilimia moja.

Kwenye rauta, panga kuzima kipengele cha SIP ALG, ambacho hubadilisha data za simu zinazopita kwenye rauta. Mara nyingi ndicho kisababishi cha sauti kusikika upande mmoja tu, na cha simu kukatika baada ya muda uleule kila mara. Ikiwa ofisi ilikuwa na simu za IP tayari, angalia pia chaguo la 66 la DHCP, mpangilio unaoziambia simu seva ya kuchukulia usanidi: lisipobadilishwa, simu zitaendelea kutafuta usanidi kwenye seva ya zamani, nawe utamaliza saa nzima ukilaumu mtambo mpya.

Kuhusu umeme, swichi yenye PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) ya matundu 24 haimaanishi inaweza kulisha simu 24. Kiwango cha 802.3af huruhusu hadi wati 15.4 kwa tundu, yaani karibu wati 370 kwa matundu yote, na swichi nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo. Soma daraja la PoE la simu zako: simu 24 za daraja la 2, zenye kikomo cha wati 7 kila moja, huhitaji wati 168.

Kisha umuulize mteja ni vifaa vipi viko kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme). Mtambo, swichi na rauta hukumbukwa. Kisanduku cha faiba cha mtoa huduma husahauliwa kwa sababu kimepigiliwa ukutani mbali na kabati, na umeme ukikatika ndicho huzima simu zote.

## Hatua ya 7: Sanidi na ujaribu karakanani

Weka usanidi wote mezani, unganisha simu tatu au nne za aina zitakazotumika, na uuache mtambo ukiwaka usiku kucha. Kifaa kibovu mara nyingi hujionyesha mapema, na ni heri kijionyeshe kwako. Kazi ya kuandika programu ndani ya bodi ifanyike ukiwa kwenye UPS.

Jaribio moja ambalo mafundi hulipuuza ni la kukata simu kwenye laini za analogi. Mpigaji wa nje akikata, mtambo unapaswa kutambua na kuachia laini. Hutambua kwa mabadiliko ya umeme kwenye waya au kwa kusikiliza mlio wa simu iliyokatwa, na mlio huo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mtambo ulioachwa kwenye mipangilio ya Marekani au Uingereza huenda usiutambue, na laini hubaki imeshikiliwa hadi mtu auzime mtambo. Mteja atakuambia «laini zinajaa zenyewe». Chomeka laini halisi ya hapa kwenye mtambo wako, piga kutoka nje, kata, na uangalie kama laini imeachiwa ndani ya sekunde chache. Rudia simu ikiwa imeingia kwenye ujumbe wa sauti, kwani hapo ndipo kasoro hujificha.

Laini ya analogi hubeba takriban volti 48 ikiwa kimya, na volti kubwa zaidi inapolia. Usishike nyaya tupu kwa mikono yenye jasho.

Hatua imekamilika iwapo kila simu ya ndani ya mezani hupiga, hupokea, huhamisha na kusubirisha, na kila kebo ina kibandiko chenye namba iliyo kwenye jedwali.

## Hatua ya 8: Panga saa ya kazi na saa ya kurudi nyuma

Usichague siku kwa urahisi wako. Mawakala wa bandarini hufuata meli, na meli haijui Jumapili. Hoteli zina msimu. Ofisi nyingi husimama Ijumaa adhuhuri kwa ajili ya sala, lakini utulivu huo ni mfupi mno kwa kazi hii. Kwa mteja wa Likoni au Diani, ongeza muda wa kivuko kwenda na kurudi.

Pamoja na saa ya kuanza, weka saa ya kurudi nyuma. Tuseme ofisi inafungua saa mbili asubuhi Jumatatu, na kurudisha mtambo wa zamani huchukua saa mbili. Unaanza Jumamosi saa nane mchana; ikifika Jumapili saa kumi jioni simu za nje hazijaingia ipasavyo, unarudisha wa zamani bila mjadala. Saa hiyo iandikwe na ikubaliwe na mteja, kwa sababu fundi aliyechoka siku zote huamini kwamba amebakiwa na dakika kumi tu. Nyaya za mtambo wa zamani zisikatwe wala wenyewe usiuzwe mpaka wiki moja ipite.

Mtumie mteja ujumbe wa namna hii siku mbili kabla: «Bwana Meneja, Jumamosi kuanzia saa nane mchana simu za ofisi hazitapatikana kwa takriban saa nne. Naomba chumba cha mtambo kiwe wazi, mtu mwenye ufunguo awepo hadi mwisho, na wateja wako wapewe namba ya mkononi ya kutumia kwa muda huo.»

## Hatua ya 9: Pakia na upige simu ya mwisho

Pakia jioni ukifuata orodha ya mwanzo, kila kitu kikiguswa kwa mkono. Flashi moja iwe begini, nyingine mfukoni.

Kisha mpigie mteja, umuulize mambo manne tu: ufunguo uko kwa nani, laini za nje zinafanya kazi leo, umeme upo, na je, kuna lolote lililobadilika tangu jedwali lilipokubaliwa. Swali la pili lina sababu yake: laini iliyokufa Ijumaa, wewe ukafika Jumamosi, itahesabiwa kuwa umeiua wewe. Akisema haifanyi kazi, aripoti kwa mtoa huduma usiku huohuo na akutumie namba ya ripoti. Asipopatikana kabisa hadi saa tatu usiku, mtumie ujumbe kwamba kazi imeahirishwa, na upendekeze tarehe nyingine katika ujumbe huohuo.